Presha isiyopimwa: kisa cha mtoto wa miaka 7 aliyeletwa na degedege

Kisa hiki kimetoka mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa, Tanzania. Majina, kijiji, vituo na tarehe vimeondolewa. Umri, uzito, vipimo na dozi vimeachwa, maana bila hivyo kisa hakina cha kufundisha. Walengwa ni matabibu, wauguzi na madaktari wanaopokea watoto usiku, pale ambapo degedege huitwa malaria kabla mtoto hajalazwa kitandani.

Usuli

Mvulana wa miaka 7, darasa la kwanza, mtoto wa tatu kati ya watano. Hakuwahi kulazwa, hana selimundu, na kwao hakuna mwenye historia ya figo. Nyumbani wanaishi watu 8 katika vyumba viwili, na watoto wanne wanalala kitanda kimoja.

Wiki 5 kabla ya kulazwa, watoto wote wa nyumba hiyo walianza kujikuna usiku. Ulikuwa upele wa kuambukiza (skabisi). Mama alinunua duka la dawa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi, ile inayopakwa kwa kila ugonjwa wa ngozi. Muwasho ulitulia siku chache, upele ukaendelea kusambaa, na mvulana akatoka vidonda vya usaha kwenye miundi na matako. Vilikauka vyenyewe vikaacha makovu meusi ya mviringo, na hakuna aliyevifikiria tena.

Siku 16 kabla ya kulazwa alipata homa. Zahanati walimpima mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ikawa chanya, akapewa dawa mseto kwa siku 3 na akapona. Jibu hilo la mRDT litarudi baadaye kupotosha watu.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Siku 4 kabla ya kulazwa, mtoto aliamka macho yamevimba. Mama alidhani amelala kupita kiasi, kwa kuwa kufikia mchana uvimbe ulikuwa umepungua. Kesho yake uvimbe ulirudi, na kaka yake akasema mkojo wa mdogo wake umekuwa kama chai ya rangi. Bibi alisema ni kichocho, kwa sababu watoto wanaoga ziwani. Kwa eneo lile si wazo baya, ila lilifunga mjadala. Zikanunuliwa dawa za kichocho. Kichwa kilipoanza kumuuma, akanunuliwa na diklofenaki, akaimeza kwa siku 2.

Siku ya kulazwa, saa 12 jioni, alitapika mara tatu. Kibatari kilikuwa kinawaka mezani. Mtoto akauliza, "Mama, mbona mmezima taa?" Saa 2 usiku degedege lilianza upande mmoja wa uso, likaenea mwili mzima na kudumu dakika kama 10.

Walifika kituo cha afya saa 3 kasoro. Alipewa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, degedege likakoma. Sukari ilikuwa 6.2 mmol/L, joto la mwili nyuzi 36.9, uzito kilo 23. mRDT ilitoka chanya, na utambuzi ukaandikwa: malaria kali, kukanusha homa ya uti wa mgongo. Alianzishiwa artesuneti na seftriaksoni, akawekewa salaini mililita 460 kwa kasi, yaani 20 kwa kila kilo, kisha dripu ya mililita 65 kwa saa. Presha haikupimwa, kwa kuwa kituo kilikuwa na mkanda wa mtu mzima tu. Mkojo haukupimwa pia, kwa kuwa mtoto hakukojoa.

Saa 7 usiku degedege lilirudi. Saa 10 alfajiri alikuwa anapumua mara 52 kwa dakika, oksijeni ya damu ni 86%, na mapafu yanatoa mlio wa maji. Kufikia hapo alikuwa amepokea takriban mililita 900. Rufaa iliandikwa. Chini ya karatasi paliongezwa mstari mmoja kuhusu kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu: kreatinini 96 µmol/L, figo kawaida.

Hospitali ya rufaa: saa ya kwanza

Muuguzi wa zamu alimpima presha kabla daktari hajafika, kwa mkanda wa mtoto. Mashine ilionyesha 164/112. Akarudia mkono wa pili: 162/110. Akaandika namba hizo kwa wino mwekundu juu ya faili, akaenda kumwita daktari mwenyewe badala ya kutuma mtu. Kila kilichofuata kilitokana na namba hizo mbili.

Daktari alifunua shuka na kuangalia ngozi. Makovu kwenye miundi, vipele kati ya vidole vya mikono, kope zimevimba, ini limeshuka sentimita 4 chini ya mbavu. Mpira wa mkojo ulitoa mililita 30 tu, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kijiti cha mkojo kilisoma damu 3+ na protini 2+, na kwenye hadubini zilionekana chembe nyekundu pamoja na mirija ya chembe nyekundu. Mirija hiyo ni ushahidi kwamba damu inatoka ndani ya vichujio vya figo, si kwenye kibofu. Slaidi mbili za malaria zilitoka hasi. Potasiamu ilikuwa 6.1 mmol/L, na mawimbi ya T kwenye karatasi ya moyo yalikuwa yamechongoka, dalili ya potasiamu iliyozidi. Albumini, protini ya damu, ilikuwa 31 g/L.

Utambuzi: uvimbe mkali wa vichujio vya figo uliofuata maambukizi ya ngozi ya bakteria aitwaye streptokokasi, uliozaa presha kali iliyoathiri ubongo, pamoja na maji kwenye mapafu.

Maamuzi na sababu zake

Dripu iliondolewa kwanza. Katika ugonjwa huu kinga za mwili zilizoundwa dhidi ya streptokokasi hunasa kwenye vichujio vya figo na kuvivimbisha. Figo hushindwa kutoa chumvi na maji, mishipa hujaa, na presha hupanda kwa sababu ya ujazo huo. Salaini ni maji na chumvi, vile vile ambavyo figo ya mtoto huyu ilikuwa imeshindwa kutoa.

Furosemidi ilitolewa mshipani miligramu 40, polepole kwa dakika 10. Ni miligramu 2 kwa kilo, ikihesabiwa kwa kilo 20 na si 23. Mtoto aliyevimba amebeba maji ambayo si mwili wake, kwa hiyo uzito ulikadiriwa kutoka kadi ya shule ya mwezi uliotangulia. Hapa furosemidi ni dawa ya presha kama ilivyo dawa ya kukojoza, na bila hiyo dawa nyingine za presha hufanya kazi nusu nusu.

Presha yenyewe ilishushwa kwa mpango uliowekwa kwenye karatasi. Lengo la mwisho lilikuwa karibu 110/70, na tofauti kati ya hapo na 164 ni 54. Robo ya tofauti hiyo, kama 14, ndiyo iliyoruhusiwa kushuka katika saa 8 za kwanza, na iliyobaki katika saa 24 hadi 48 zilizofuata. Mishipa ya ubongo uliozoea presha ya juu kwa siku kadhaa imejibana. Ukiishusha ghafla, damu haifiki, na mtoto anaweza kupata kiharusi au kupofuka moja kwa moja. Ndiyo maana kidonge cha nifedipini cha kutobolewa na kuwekwa chini ya ulimi kilikataliwa ingawa kilikuwepo: huwezi kujua kitashusha kiasi gani wala kwa kasi gani. Alipewa haidralazini miligramu 4 mshipani (0.2 kwa kilo), presha ikipimwa kila dakika 10. Baada ya nusu saa ilisoma 152/100. Amlodipini miligramu 2.5 ilianzishwa kwa mpira wa tumboni. Dawa za jamii ya kaptoprili ziliachwa kwa kuwa hupandisha potasiamu, na ya mtoto huyu ilikuwa juu tayari.

Kwa ajili ya potasiamu alipewa kalsiamu glukoneti 10% mililita 10 kwa dakika 10 ili kuulinda moyo, na salbutamoli ya kuvuta miligramu 2.5 ili kuisukuma potasiamu ndani ya chembe. Baada ya saa 4 ilikuwa 5.2.

Maji ya siku yalihesabiwa kwa eneo la mwili. Urefu sentimita 118 zidisha kwa kilo 20, gawanya kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili: mita za mraba 0.81. Maji yanayopotea kwa pumzi na ngozi ni mililita 400 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo 324 kwa siku, ukiongeza kiasi cha mkojo wa siku iliyotangulia. Usiku uliopita alikuwa amepewa karibu mara tatu ya hizo 324 ndani ya saa 7.

Kutoboa uti wa mgongo kuliahirishwa, kwa kuwa fahamu ilikuwa chini na presha juu. Seftriaksoni iliendelea hadi saa 48, mtoto alipoamka na shingo ikawa laini, ndipo ikaachwa. Artesuneti ilisimamishwa baada ya slaidi ya pili. Penisilini benzathini yuniti 600,000 (dozi ya aliye chini ya kilo 27) ilichomwa mara moja. Haibadilishi mwendo wa figo, ila inaua mdudu aliyebaki asiambukize wengine nyumbani.

Palikuwa na hoja ya kuanza prednisoloni, kwa kuwa "mtoto amevimba na ana protini." Ilikataliwa. Katika sindromu ya nefrotiki, ugonjwa wa figo unaotibiwa kwa prednisoloni, uvimbe ni mkubwa zaidi, mkojo una protini 3+ hadi 4+, albumini kwa kawaida iko chini ya 25 g/L, na presha mara nyingi haijapanda. Hapa picha ilikuwa kinyume chake, na prednisoloni ingezidi kupandisha presha.

Mwisho, masharti ya kusafisha damu kwa njia ya tumbo yaliandikwa mapema na vifaa vikawekwa tayari: potasiamu kupita 6.5 baada ya matibabu, oksijeni kutopanda saa 6 baada ya furosemidi, au fahamu kushuka pamoja na urea inayozidi kupanda. Masharti hayo hayakufikiwa.

Matokeo

Saa 4 baada ya furosemidi ya kwanza alikuwa ametoa mililita 180 za mkojo, na saa 8 mchana oksijeni ilikuwa 95% bila mashine. Degedege halikurudi tena. Siku ya 2 kreatinini ilifika kilele, 168. Siku ya 3 alianza kukojoa kwa wingi, mililita 1,900 kwa siku, na asubuhi hiyo akamtambua mama yake kwa macho kabla hajasikia sauti. Uzito ulishuka kutoka 23 hadi 19.8 siku ya 7, na hapo ukweli wa kilo 20 za kukadiria ukaonekana.

Alirudi nyumbani siku ya 9, presha 112/72, kreatinini 71. Amlodipini iliachwa wiki ya 4. Wiki ya 6 kreatinini ilikuwa 46. C3, kinga ya damu inayotumika na kupungua katika ugonjwa huu, ilikuwa 0.21 g/L siku ya kulazwa, na wiki ya 8 ikarudi kawaida. Miezi 6 baadaye kijiti bado kilisoma damu 1+ bila protini. Hilo halikuwatia hofu, kwa kuwa damu ya hadubini inaweza kubaki hadi mwaka au zaidi. Ambacho kingewafanya watafute uchunguzi wa kipande cha figo ni C3 kubaki chini baada ya wiki 8 hadi 12, protini isiyoisha, au kreatinini inayopanda badala ya kushuka.

Uchambuzi: yaliyokwama

*Mkanda wa presha.* Kituo hakikupima kwa sababu hakikuwa na mkanda wa mtoto, na uamuzi huo una mantiki yake: mkanda mkubwa kupita kiasi husoma chini ya ukweli, mdogo husoma juu. Lakini kinyume cha wengi wanavyodhani, hapo ndipo kupima kungesaidia. Kama mkanda wa mtu mzima unasoma chini ya ukweli na bado ungeonyesha, tuseme, 145, basi presha halisi ni hiyo au zaidi. Namba ya juu kwenye mkanda mkubwa inaaminika. Ya kawaida ndiyo isiyoaminika. Kanuni ya mkanda ni upana wa mfuko wa hewa usiopungua 40% ya mzunguko wa katikati ya mkono, na urefu wa 80% hadi 100%. Mkono wa mtoto huyu ulikuwa na mzunguko wa sentimita 18, kwa hiyo alihitaji mfuko wa upana usiopungua sentimita 7.2 na urefu usiopungua 14 na nusu. Kwa mtoto wa miaka 7, jedwali la kuchuja la Marekani la 2017 linasema 106/68 na kuendelea inahitaji kuangaliwa. Si lazima kukariri jedwali lote. Ukikuta 130 kwa mtoto wa umri huu, simama hapo hapo.

*mRDT chanya.* Kipimo hiki, cha aina ya HRP2, hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa siku 16 zilizopita anaweza kuwa chanya bila malaria yoyote. Maswali mawili yangetosha: amemeza mseto lini, na ana homa sasa? Joto lilikuwa 36.9. Kuanza artesuneti wakati slaidi inasubiriwa halikuwa kosa. Kosa ni kwamba jibu moja chanya lilizima maswali mengine yote.

*Kreatinini "kawaida."* Mashine ya maabara ilichapisha kiwango cha mtu mzima pembeni ya 96. Mtoto wa miaka 7 ana misuli michache, na kreatinini yake huwa kati ya 30 na 50 hivi. Kanuni ya Schwartz, inayokadiria figo inachuja damu kwa kasi gani, ni rahisi kwa kikokotoo cha simu: 36.5 zidisha kwa urefu wa sentimita, gawanya kwa kreatinini. Kwa 96 unapata 45, yaani nusu ya figo haifanyi kazi. Namba hiyo yenyewe ni ya kubahatisha wakati kreatinini bado inapanda, kwa kuwa hali halisi huwa mbaya kuliko inavyosoma, lakini hata hivyo ingemzuia mwandishi wa rufaa kuandika neno "kawaida". Maabara zinazohudumia watoto zibadilishe karatasi zao.

*Rangi ya mkojo.* Kichocho cha kibofu hutoa damu nyekundu, hasa mwishoni mwa kukojoa, na hakivimbishi macho. Mkojo wa kahawia tangu tone la kwanza hadi la mwisho unatoka juu, kwenye figo. Kama kijiti kinasoma damu na hadubini haioni chembe nyekundu, hapo fikiria damu iliyopasuka, kama kwenye malaria ya mkojo mweusi.

*Diklofenaki.* Hubana mishipa inayolisha figo na kuzuia chumvi isitoke. Mtoto mwenye uso uliovimba hapaswi kuuziwa dawa hii dukani.

Uchambuzi: yaliyofaulu

Kipimo cha muuguzi kilichukua dakika 4. Kurudia mkono wa pili kulikuwa na maana, kwa sababu namba kubwa kwa mtoto huwa rahisi kuidharau kwa kusema mashine imeharibika. Uamuzi wa kushusha presha polepole ulikuwa mgumu kuushikilia: saa ya 5 ilikuwa bado 150, ndugu wana wasiwasi, na daktari wa pili anataka kuongeza dozi. Karatasi yenye lengo la kila saa ndiyo iliyotuliza mabishano.

Jambo lingine lililofaulu halikuonekana siku ile. Kabla ya kumruhusu, timu iliwaita nyumba nzima. Vidonda vya ngozi hutangulia figo kwa wiki 3 hadi 6, na vya koo kwa wiki 1 hadi 2, kwa hiyo ndugu waliolala kitanda kimoja walikuwa bado kwenye muda wa hatari. Vipimo vilikuwa vile vile vya dakika chache, presha na kijiti cha mkojo. Watatu walikuwa salama. Dada wa miaka 5 alikuwa na damu 2+ na presha 118/78, bila uvimbe na bila kulalamika lolote. Alipunguziwa chumvi, akapewa furosemidi ya kumeza kwa siku 5, na presha ikapimwa kila baada ya siku 2 hadi ikashuka.

Upele ulitibiwa nyumba nzima siku moja, na hapo ndipo wengi hukosea: mama humpaka anayejikuna tu. Losheni ya benzili benzoeti 25% huchanganywa na maji sawa kwa sawa kwa watoto, ikapakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, na kati ya vidole na chini ya kucha pia, usiku tatu mfululizo. Nguo na mashuka yalifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku hiyo hiyo. Kwa familia kubwa, vidonge vya ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo, dozi mbili zikipishana kwa siku 7 hadi 14, ni rahisi zaidi kuliko kupaka, isipokuwa kwa walio chini ya kilo 15 na wajawazito. Fiji ilionyesha nguvu ya dawa hiyo ikitolewa kwa jamii nzima: katika utafiti uliochapishwa 2015, mwaka mmoja baadaye upele ulikuwa umepungua kwa 94% na vidonda vya usaha kwa 67%.

Mvulana na dada yake wameandikiwa kupimwa presha na mkojo mara moja kila mwaka. Mama amepewa nakala ya karatasi yenye presha, kreatinini na C3 za kila ziara, kwa sababu kadi ya shule ilionyesha jinsi namba moja ya zamani inavyoweza kusaidia usiku mtoto anapoletwa hajitambui.